Breka Isiondolewe

Tunduma

Kaka Elia,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Manyoni, na mguu wa mama uwe umepata nafuu. Mimi mwilini sina tatizo. Kazi ya makaratasi ya malori mpakani inaendelea.

Uliniambia kwenye simu kwamba breka ya umeme ya nyumba yako mpya inajikata kila mvua ikinyesha, na fundi anataka kuiondoa aunge nyaya moja kwa moja. Nilikuomba usikubali, ukacheka. Sasa nakueleza sababu.

Hapa nilipopanga tuko vyumba sita, mita moja ya umeme. Masika yalipoanza, breka nayo ikaanza kujikata. Sisi wapangaji umeme ukisumbua hatutafuti waya mbovu, tunatafuta mtu. Tuliitana uani. Sichone, anayebadilisha fedha za Zambia, akamgeukia Mama Tumaini, mjane kutoka Ileje aliyekuwa akifua nguo za madereva.

"Mama, una jiko la umeme chini ya kitanda."

"Ingia ulitafute, baba. Ukilikosa, utoke na panya wangu wote."

Watu walicheka. Sichone aliingia, hakuona jiko, na bado wakakata waya wa chumba cha yule mama. Akawa anawasha kibatari. Mvua iliporudi, breka ikajikata vilevile.

Niliwaomba wote wachomoe pasi, redio, kila kitu. Tukawasha, ikajikata. Nikamwambia mwenye nyumba, Mzee Simbeye, kwamba shoti iko kwenye nyaya za darini, fundi apande.

"Bati hili nimelipiga juzi," alisema. "Mnataka nianze kulibandua?"

Akaleta kijana mmoja anayejiita fundi, naye akaiondoa breka na kuunga nyaya moja kwa moja. Umeme ukatulia. Tulifurahi, na Sichone akamnunulia soda.

Asubuhi iliyofuata Mama Tumaini alitoka kuanika mashuka. Waya wa kuanikia umefungwa kwenye ukingo wa bati. Ardhi ilikuwa imelowa na yeye alikuwa pekupeku. Mimi nilikuwa napiga mswaki mlangoni. Hakupiga kelele, nilidhani anavuta shuka lililonasa. Nilipoona mikono haiachii nikakimbilia kuzima. Hakukuwa na cha kuzima, kaka. Breka ile ndiyo iliyokuwa swichi yetu. Sichone alimsukuma kwa mpini mkavu wa jembe mpaka akaanguka. Alikuwa ameshakufa.

Bati lilipobanduliwa, tulikuta msumari wake mmoja umetoboa waya wa taa ya uani, taa ya sisi sote.

Tulimpeleka kwao Ileje. Baada ya kuzika, mdogo wake wa kiume alituuliza, "Hiyo hitilafu mlikuwa mnaijua?" Mzee Simbeye alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilijibu ndiyo, tulikuwa tunaijua.

Nyumba yako nayo ina bati jipya. Breka inakata kwa sababu kuna mahali umeme unavuja. Tafuta fundi mwingine, apande darini akague waya mmoja mmoja. Mpaka hapo kaeni gizani, wageni wakija wakacheka, wacheke.

Nisalimie mama, na dada Rehema anayemuuguza. Msalimie mjomba Daudi wa kanisani. Shemeji mpe salamu zangu, halafu umuulize anaanika nguo wapi. Kama ni kwenye waya uliofungwa kwenye bati, ukate leo, kabla hajafua. Uzime umeme kwanza.

Mdogo wako,
Samweli