Maneno Meupe Sebuleni kwa Balozi

Jumatatu. Kiangazi kimekaza hapa Kanazi, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye vikombe. Moyo wangu umetulia kama wa mtu aliyeshiba, na hilo linanitisha kidogo.

Niandike tangu mwanzo.

Damasi, mume wangu, alirudi kutoka vita vya Uganda na mikono na miguu yake yote, lakini hakuweza kukaa ndani. Kuta zetu nilikuwa nimezipamba kwa michoro niliyofundishwa na bibi, ile ya matuta ya samadi na majivu, yaliyopakwa rangi nyeusi na nyekundu. Kila akiiona ile nyekundu, alitoka nje mbio. Siku moja akaniambia, "Mama Anitha, ifunike." Nikachimba udongo mweupe mtoni nikapaka kila kitu. Matuta yakabaki, rangi ikaondoka. Mchana huo alilala mkekani mpaka jioni. Nilikaa mlangoni nikalia.

Hakupaswa kwenda vitani.

Karani wa kijiji alinionyesha orodha ya mgambo. Jina la Bosko, mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, lilikuwa limekatwa, na juu yake balozi alikuwa ameandika la Damasi kwa mkono wake. Bosko alipelekwa kwa mjomba wake, kijiji cha Nyarubungo, akakaa huko mpaka malori ya kwenda vitani yalipoondoka.

Mwezi uliopita mke wa balozi alikuja kumjulia hali Damasi. Alisimama katikati ya chumba, akashusha pumzi.

"Humu roho inatulia," akasema. "Bosko anaoa. Nipambie na mimi sebule, iwe nyeupe hivi hivi."

"Nitakuja, mama."

Sikufikiri mara mbili.

Nilifanya kazi siku nne. Mama Bosko alinipa maziwa na ndizi, tukacheka pamoja. Nakiri, nilianza kumpenda, na bado niliendelea. Kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha la magharibi niliweka matuta marefu, toka sakafuni mpaka karibu na dari. Asubuhi huoni kitu, weupe mtupu, mpole, unapumzisha macho. Lakini matuta yale ni herufi, na jua la saa kumi na moja likiukwaruza ukuta kutoka pembeni, kila tuta linatoa kivuli.

Jumamosi ilikuwa harusi, nami nilialikwa. Wakwe kutoka Rulenge walikuwa wamekaa sebuleni na chai yao wanausifia ukuta. Jua likashuka. Mzee mmoja wa kijijini kwetu, aliyejifunza kusoma juzijuzi tu kwenye kisomo cha watu wazima ambacho balozi mwenyewe alitulazimisha kuhudhuria, akainua kidole akasoma kwa sauti, kwa furaha ya mtu anayefaulu mtihani:

"Da-ma-si a-li-kwe-nda. Bo-sko a-li-fi-chwa."

Wageni wote wakaugeukia ukuta.

Balozi aliruka akafunga dirisha. Alikuwa amechelewa. Bosko alikuwa ameshasoma, sasa anatazama viatu vyake vipya. Bibi harusi naye alikuwa ameusoma; akamtazama mumewe, kisha akajifunika uso kwa shela.

Jana balozi alikuja kwangu baada ya ibada. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia.

"Umenivunjia heshima mbele ya wakwe zangu."

"Kuna neno la uongo pale ukutani?"

Akanyoosha kidole upande wa nyumba yake.

"Utakuja kukwangua," akasema.

"Kwangua mwenyewe, mzee. Mkono ulioandika jina la mume wangu bado una nguvu."

Tangu asubuhi ya leo, wanaopita kwake wanasema wanasikia panga likikwaruza ukuta.

Nimemweleza Damasi kila kitu. Aliuliza mambo mawili tu.

"Bosko alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisoma?"

"Alisoma."

Kisha akasema, "Nipikie uji." Sijui maana yake. Alikunywa wote.

Nimeambiwa kesho asubuhi nifike ofisi ya kijiji. Huenda wakaninyima mgao wangu wa mbolea, huenda wakanipeleka kulima shamba la kijiji peke yangu. Wataniuliza kama najuta. Nimetafuta jibu zuri la kusema mbele ya watu, sijalipata. Yule binti wa Rulenge hakunikosea kitu, na machozi yake nitayabeba. Mengine yote, wakinipa udongo na ukuta mwingine, nitayaandika tena, kwa herufi kubwa zaidi.