Nilisema Nimekishona Mimi

Jumatatu. Mvua imeanza kabla jogoo hajamaliza kuwika, na mpaka sasa mchana haijapumzika. Kibanja, shamba letu la migomba, kimelowa chote. Leo siendi popote.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo ili nilione lilivyo. Kumbe ni fupi tu, na mimi limenikosesha usingizi tangu Jumamosi.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima alituambia tuandike mambo ya kila siku, hata mistari miwili, mkono usisahau. Mimi huandika zaidi ya miwili. Katika darasa letu la wazee hakuna anayenifikia, isipokuwa mke wangu, na yeye simhesabu.

Mimi ni Laurian wa Kibeta. Shuka mjini Bukoba ukaulize, utaambiwa. Beseni la enameli likitoboka huletwa kwangu. Nakata kipande cha bati, napiga ribiti mbili, na mwenye beseni anateka maji mpaka wajukuu. Mwavuli uliovunjika mbavu, birika lililong'oka mdomo, vyote ni kwangu. Jembe lililolika likabaki kama kijiko nalirudisha motoni, linakuwa la kupalilia. Kwangu hakuna kitu kinachoitwa kimekufa. Na siku hizi duka la kijiji leo lina chumvi, kesho halina, na mabeseni yalikuja mara moja tu yakaisha kabla sijavaa viatu. Watu wanasema ni shida. Mimi kimoyomoyo nilisema, wakati wangu umefika.

Halafu likaja jambo la vibuyu.

Sijui hasa lilianza lini. Niliona mbavu za mwavuli zinapungua katika sanduku langu la vyuma. Nikamkuta mke wangu, Anastazia, amepasha mmoja motoni na anatoboa kibuyu cha jirani kilichopasuka. Alikuwa akitoboa tundu moja huku, moja huku, kisha anapitisha uzi wa katani aliousokota mwenyewe. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kupoteza mchana. Jirani alikuja, akamwaga maji ndani, halikutoka tone. Wiki ile ile wakaja wawili wengine.

Sasa watu wanaingia uani kwangu na kunisalimia vizuri sana. "Shikamoo Ta Laurian. Ma Anastazia yupo?"

Ma Anastazia yupo. Ndivyo wanavyoniuliza mimi, niliyekaa pale na nyundo mkononi.

Sasa niseme ya Jumamosi, maana ndiyo inayoniuma. Mwanangu Mutalemwa anaoa Muleba. Ilikuwa tupeleke rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa baba wa binti, Ta Kaijage, ili tutajiwe siku ya harusi. Rubisi ya ukoo wetu hubebwa katika kibuyu cha marehemu baba yangu, hakuna kingine. Na kibuyu hicho mbuzi alikuwa amekiangusha kikapata ufa. Nikakifunga kwa waya wa shaba, waya mzuri kabisa. Nilipoukaza, ufa ukapanda mpaka shingoni.

Anastazia alikuwa anamenya ndizi. Aliniangalia, akaendelea kumenya.

"Nipe mimi," akasema.

"Kibuyu cha baba hakishonwi na mwanamke."

"Haya. Basi rubisi utaibebea kwenye kofia."

Ijumaa nilikwenda shamba la kijiji, ilikuwa zamu yetu. Niliporudi kibuyu kilikuwa kimening'inia mahali pake, kimeshonwa. Anastazia alipokwenda kisimani nilikishusha, nikajaza maji, nikakiweka juu ya jivu kavu. Nikavuta kiko changu mpaka kikaisha. Nikainua. Jivu lilikuwa kavu kama lilivyokuwa.

Nitakiri hapa, maana kwa padri niliona haya. Nilitamani kivuje. Safari ya mwanangu, heshima ya ukoo, yote hayo nilikuwa tayari yamwagike, ili mradi mshono wa mke wangu uvuje.

Jumamosi tukapanda basi la Muleba, kibuyu mapajani mwangu, Mutalemwa na shati lake la kuazima, mama yake nyuma yetu. Ta Kaijage alitupokea vizuri. Tukakaribishwa, tukatafuna punje za kahawa, rubisi ikamiminwa. Wazee wa pale wakanywa, wakasifu. Kisha Ta Kaijage akakichukua kibuyu chenyewe, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya ule mshono polepole kama mtu anayesoma.

"Mkwe wangu, nani kakushonea hiki?"

Anastazia alikuwa mlangoni na wanawake wa pale. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, kama mtu anayejua atasifiwa na hataki aonekane anapenda.

Nikasema, "Mimi."

Sijui lilitokea wapi. Lilitoka lenyewe, na likishatoka likaita mengine. Nikawaeleza wazee wale jinsi ninavyotoboa, jinsi ninavyovuta uzi. Mzee mmoja mwenye jicho moja akaniuliza, "Unakilowesha kwanza au unatoboa kikavu?" Nikamjibu, kikavu, kukilowesha ni kazi ya wasiojua. Akasema "Kumbe," akarudi kwenye rubisi yake. Nilipotazama tena mlangoni, Anastazia hakuwepo, alikuwa jikoni anawasaidia kuepua.

Ningekuwa na bahati yangeishia hapo. Ta Kaijage akaingia ndani, akatoka na kibuyu cheusi, kikubwa kuliko chetu, kimepasuka kutoka mdomoni mpaka tumboni. Cha mama yake mzazi. Akakiweka juu ya magoti yangu.

"Mungu kaniletea fundi ndani ya ukoo," akasema. "Nimetafuta mtu wa kukishona tangu mama afariki. Jumamosi ijayo kirudishe kimeshonwa, tunywee humo, na siku hiyo hiyo nitataja siku ya harusi."

Wazee wakapiga makofi. Mutalemwa akapiga kuliko wote.

Kwenye basi Anastazia alikipakata kile kibuyu cheusi safari nzima, amekifunika na kanga. Hakunipa. Tulipokaribia Bukoba ndipo akafungua mdomo.

"Hongera, fundi."

Hayo tu. Ningependelea matusi.

Jana baada ya misa Mutalemwa akanifuata, kijana wa watu ana furaha. "Tata, utaanza lini?" Nikamwambia kazi nzuri haikimbizwi. Akaenda kumwambia mama yake kwamba Tata ataanza kesho. Nikasikia mama yake anamjibu, "Vizuri. Mimi nitakaa pembeni nijifunze."

Leo basi nimeanza. Mvua inanyesha, hakuna pa kukimbilia. Nikapasha ubavu wa mwavuli, nikaweka ncha mahali ambapo nimemwona Anastazia akiweka, nikasukuma. Kipande kikaruka. Kidogo, kama punje ya kahawa, lakini kimeruka kutoka kwenye kibuyu cha mama yake Ta Kaijage, na kiko hapa mezani, nakiona ninapoandika. Nikaweka kila kitu chini.

Nikamwendea mke wangu jikoni. Nikajifanya nauliza jambo la njiani.

"Hivi wewe huwa unalowesha kwanza?"

"Si ulimwambia yule mzee ni kazi ya wasiojua?"

"Nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu." Akageuza viazi. "Kibuyu nitakishona. Na Jumamosi utasema palepale ulipokaa, mbele ya walewale, ni nani aliyeshona hiki na nani alishona kile cha kwanza."

Nikamwambia haiwezekani. Mtu mzima hawezi kuyameza maneno yake mbele ya wakwe. Wataniona mimi ni nani? Watampa binti yao mtoto wa mwongo?

"Basi shona," akasema. "Uongo uliusema bila msaada wangu."

Nimerudi hapa, nimekaa na kibuyu muda mrefu. Nimefikiri kumwambia Ta Kaijage kimeibwa. Nimefikiri kumtafuta fundi mwingine huko Kimwani ambako hakuna anayenijua. Nimefikiri hayo yote, na kila mara naona uso wa Mutalemwa anapiga makofi. Mtoto huyu hana kosa. Akikosa mke kwa sababu baba yake hakuweza kusema jina la mama yake, hicho nitakipiga ribiti gani?

Na kuna lingine, gumu zaidi kuliandika. Haliniumi hilo la kutojua kushona vibuyu. Mambo mengi sijui na nalala usingizi. Linaloniuma ni kwamba Anastazia amekuwa nyumbani mwangu miaka yote hii, ananitazama nikisifiwa, na mikono yake ilikuwa hivyo. Hakuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa nagonga bati.

Nimemwita. Amekuja anafuta mikono.

"Shona. Nitasema."

"Utasema nini?"

"Nitasema ni wewe."

"Sema sasa nisikie."

Nikafungua mdomo, ulimi ukawa mzito kama jembe jipya. Mutalemwa alikuwa barazani anajikinga na mvua, masikio yake yote yako ndani. Nikasema. Ni Anastazia aliyeshona, vyote viwili. Mutalemwa akageuka akanitazama, kisha akamtazama mama yake, akasema taratibu, "Mimi nilijua, Tata. Uzi ule ni wa mama." Akaendelea kutazama mvua.

Kumbe alijua, na alipiga makofi.

Sasa kibuyu kiko ndani ya beseni, kinaloweshwa. Nimepewa kazi ya kukikandamiza chini kwa sababu kinaelea, naandika kwa mkono mmoja. Ile punje iliyoruka amesema ataishona nayo mahali pake, haitaonekana. Naamini. Na wivu haujaniacha, nisijidanganye. Kila akipita namtazama vidole.

Jumamosi nitasimama kwa Ta Kaijage. Nitasema haraka, kabla rubisi haijamiminwa, maana nikishakunywa nitajisifu tena.