Msumari wa Drani

Koboko, Jumamosi, Mei 1975

Bado nina udongo wa kaburi kwenye viatu. Tumemzika Drani hapa kwao, seremala wetu wa ile ghorofa tunayojenga Arua.

Mimi ndiye fundi wa stima pale. Waya za stima kubwa nilipaswa kuzipitisha ndani ya mabomba ya chuma. Lakini tangu Wahindi wafukuzwe na maduka yapate wenyewe wapya, chuma hakipatikani, na bwana mkubwa mwenye ghorofa alikuwa ananisukuma nimalize. Nikachagua mabomba ya plastiki. Nikajiambia plasta itayafunika, nani atajua?

Maseremala wetu hawaulizi bomba limepita wapi. Msumari ukigonga chuma unapinda, nao wanausogeza pembeni. Drani alifanya hivyo miaka yote.

Juzi alikuwa anatundika rafu. Msumari wake haukupinda. Uliingia tu.

Leo kaburini wajomba zake walisimama kuuliza, kama ilivyo desturi: "Mutu yetu alikufa na nini?"

Msimamizi akajibu, "Stima."

Wakaridhika. Mimi nikashika jembe, nikaendelea kufukia. Stima haikuchagua bomba.

Tulipokuwa tunaondoka, mjomba mkubwa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, fundi," akasema, "kwa kuleta yeye nyumbani."