Desemba Bila Watu

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimetoka Campobasso kabla Ermanno hajafungua studio. Raha iliyoje! Studio ni ya shemeji yangu Ermanno, lakini koo linalopiga kelele ni langu: kutwa nzima "kidevu juu, usicheke, kidevu juu, usicheke." Picha za pasipoti. Lile pazia jeupe la nyuma ya wateja nikiliota usiku naamka jasho linanitoka.

Sasa niko peke yangu, mimi na kigari changu na kamera. Natafuta picha moja tu. Desemba! Januari hadi Novemba zimeshakubaliwa. Kalenda ya kampuni ya magodoro, jina lake "Ukimya". Nikimaliza hii vizuri, wananipa kazi ya kalenda zao zote, na Ermanno atafute koo lingine. Mwisho ni Ijumaa saa mbili usiku, baada ya hapo mashine za kuchapa zinawaka. Nisipoipata, Jumatatu narudi kwenye pazia.

Dokta Quaranta, bosi wa magodoro, kanipigia nikiwa njiani. Hataki watu kwenye picha. Hata mmoja! Mwaka juzi kulikuwa na bibi mmoja kwenye Aprili, kule mbali, mdogo kama nzi, na wateja walilalamika kwamba anawakodolea macho wakiwa kitandani.

Watu? Huku kijijini Castelrovo? Vijana wote wamehamia Milano. Kuna mwaloni mmoja juu ya kilima, peke yake, jua linazama nyuma yake. Hata ndege hatui pale.

Leo mvua. Nimepanga chumba juu ya baa. Supu ya dengu, nzuri mno.

Jumanne, 24 Oktoba

Jioni safi. Nimefunga kamera kwenye stendi, nimejibanza, nasubiri. Jua likashuka, mwaloni ukawaka kama shaba. Nikaweka kidole kwenye kitufe—

Bibi!

Katokea wapi, sijui. Koti la Jumapili, lulu shingoni, mkoba mkononi. Kasimama chini ya mwaloni, ananitazama. Nikampungia mkono aondoke. Naye akanipungia. Nikapiga kelele, "Bibi, sogea kidogo!" Akasogea hatua mbili, akaweka nywele sawa. "Hapa?"

Jina lake Filomena. Kaja kwa miguu tangu kijijini. Kisa? Picha ya kaburi, ile ya kubandikwa kwenye jiwe. Amesikia kwa mwenye baa kuwa kuna mpiga picha.

"Mkwe wangu keshachagua yake," akasema. "Ile ya harusi ya mjukuu. Mdomo umejaa nyama, mwanangu! Shavu hilo! Nikae kwenye ukuta wa makaburi milele nimevimba shavu, na kila mwaka tarehe mbili Novemba, Siku ya Wafu, waje wanicheke?"

Nikampiga picha. Akatoka vizuri sana, namsifu na namlaumu. Nilipomaliza, jua halipo.

Asante yake: kuku. Mzima, miguu imefungwa utepe. Nilikataa, akanuna, nikapokea. Kuku yumo kwenye kiti cha nyuma, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyempandia gari.

Jumatano, 25 Oktoba

Mimi ni mjinga. Nimezaliwa mkoa huuhuu wa Molise, nimekulia Molise, halafu nakuja kijijini na kamera wiki moja kabla ya Siku ya Wafu! Wakati huu kila mtu anasugua jiwe la kaburi la ukoo wake, na kila anayesugua anaona ile nafasi yake yeye, tupu, inamsubiri, na kale kaduara ka picha hakana kitu. Halafu nikampiga picha bibi mmoja akapendeza. Nilitegemea nini?

Nimeshuka kunywa kahawa asubuhi, baa nzima imevaa tai. Padre katangaza habari zangu baada ya misa. Kinyozi kafungua mapema. Na wote—wote!—wanataka kupigwa picha chini ya mwaloni, kwa sababu Filomena alipigwa pale, na hawawezi kukubali Filomena peke yake ndiye awe na mti.

Kwa hiyo mwaloni wangu, mti mpweke kuliko yote nchini, leo ulikuwa na foleni.

Meya kataka picha moja itakayofaa kwa kampeni na kwa kaburi pia, asisumbuke mara mbili. Mama mmoja kaleta picha yake ya ujana, anataka niipige ile picha, yeye kakaa kando anasimamia. Mzee wa trekta kaja na trekta. Mwingine kafumba macho. Nikamwambia, mzee, fumbua. "Hapana," akasema, "hivi hivi, wapate kunizoea."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Jua likazama katikati ya foleni, zuri kuliko la jana. Niliwaomba wasogee dakika tano tu. Wakasogea, wakajipanga upya upande wa pili, ambao nao uko kwenye picha.

Gari limejaa: jibini, soseji, mitungi ya pilipili hoho za siki. Kuku anakula tambi iliyobaki.

Alhamisi, 26 Oktoba

Ukungu. Mwaloni sikuuona kabisa. Niliugusa ndipo nikajua niko pale.

Kuku katagia kwenye mkoba wa lenzi. Dokta Quaranta kapiga simu wakati uleule, kuku anajitangaza kwa dunia nzima. "Hiyo ni nini?" akauliza. Nikasema ni mtandao. Akanikumbusha: kesho, saa mbili, na watu hapana. Nikamwambia huku ni kimya kitupu.

Nilipokata simu, mbele yangu mezani, barazani pa baa, wamekaa Mzee Pardo na mkewe Incoronata. Yeye kofia mkononi, mkewe mkoba gotini, na katikati yao mbwa. Moro, mbwa mzee, macho yana ukungu kuliko kilima.

"Moro," akasema Incoronata, "mwambie huyo bwana wa kofia aeleze shida yetu."

"Moro," akasema Pardo, "mwambie aeleze mwenyewe, yeye ndiye mwenye mdomo."

Nilidhani ni utani. Si utani! Mwenye baa kaniambia pembeni: ni mwaka wa tisa sasa. Nyumba moja, meza moja, kitanda kimoja, neno hakuna. Yote yanapita kwa mbwa. Chanzo chake ni sahani. Siku ya Mtakatifu Antonio walikula kwa dada yake Incoronata, na Pardo, ambaye nyumbani hajawahi kuongeza chakula, kwa shemeji yake aliongeza. Mbele za watu.

Basi. Kaburi walishalinunua zamani, wakati bado wanaongea. La watu wawili, jiwe moja, duara moja la picha. Mchonga mawe hana habari na mbwa: anataka picha moja, wote wawili ndani, wamekaa pamoja. Na wamepita themanini, wote wawili. Incoronata mikono inamtetemeka akishika kikombe.

"Moro, mwambie huyu binti wa kamera kwamba mimi nitacheka kwenye picha," akasema Pardo.

"Moro! Mwambie miaka hamsini sijaona jino lake, leo anataka kulionyesha makaburini? Nilale milele kando ya mtu anayecheka, na watu wadhani ananicheka mimi?"

Nimewaambia kesho mchana, saa nane, hapahapa barazani, dakika mbili. Mwaloni sahau. Mwaloni wa kesho ni wangu! Nimewaomba kijiji kizima, kwa heshima zote, kesho jioni kilimani asipande mtu. Wamenielewa. Filomena kasema atakaa njiani na fimbo kuwazuia.

Ijumaa, 27 Oktoba

Saa nane: hawakuja. Saa tisa: hawakuja. Sawa, mimi nina kazi yangu.

Anga imetakata. Hakuna wingu, hakuna ukungu, bondeni moshi kidogo tu wa watu wanaochoma matawi. Nimepanda na kuku, kwa sababu mwenye baa hamtaki ndani. Filomena yuko kule chini njiani kweli, na fimbo. Kilima kitupu. Nimefunga kamera. Hii ndiyo Desemba, nimesema kwa sauti. Kwa heri pazia.

Halafu nikawaona wanakuja kwa upande wa nyuma, kupitia shambani. Pardo na suti ya harusi yake, kiuno hakifungi. Incoronata kashika kola ya Moro. Kumbe hawakuja saa nane kwa sababu Incoronata alimtuma Moro akamwambie Pardo avae, na Moro akaenda kulala.

Wamekaa chini ya mwaloni. Katikati ya picha! Katikati kabisa!

Nimewapigia kelele, hawasikii, wameshaanza.

"Moro, mwambie upande wa kushoto ni wangu. Kaburini niko kushoto."

"Moro, mwambie—"

Moro hayupo. Kachoka na kilima, kateremka hadi kwenye gari langu, kajilaza chini yake. Wamemwita. Hakutikisa hata sikio. Wakabaki hawana mjumbe. Naandika haya nimechuchumaa kando ya stendi, daftari gotini, kwa sababu nisipoandika nitakwenda kumbeba yule mbwa nimrudishe.

Jua limefika kwenye matawi ya juu.

Nilitaka kuwafukuza. Nilisimama kabisa, mkono juu. Ndipo Incoronata akageuka akamtazama usoni.

"Ulikula sahani mbili," akasema.

Kofia inazunguka mikononi mwa Pardo.

"Tatu," akasema. "Ya tatu ulikuwa umetoka kwenda kuleta divai."

"Tatu!"

"Sosi haikuwa na chumvi, Incoronata. Ilikuwa kama maji ya kuoshea. Sahani za watu wote zilikuwa bado zimejaa, na dada yako kasimama mlangoni pa jikoni na lile gauni jeusi, mumewe hana hata mwezi kaburini, machozi yanamlengalenga. Ilikuwa lazima mtu mmoja ale."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia Moro."

"Moro hakunifikishia!"

"Nilimwambia siku ileile!"

Sasa wanagombana. Mungu wangu, wanavyogombana! Sahani, chumvi, gauni, trekta aliyouza bila kuuliza, mwaka gani sijui alivyosahau kufunga zizi. Miaka tisa yote inatoka. Incoronata kampiga begani kwa mkoba. Kampiga tena, ila ya pili ni ndogo. Pardo kasema soseji za mwaka jana zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kula, na kwamba hilo pia alimwambia Moro. Incoronata analia, huku anamtukana mbwa.

Jua liko nyuma ya shina sasa. Mwanga huu sijawahi kuuona maishani. Dakika tano, labda sita. Nikisema "sogeeni", watasogea, ni watu wa adabu. Watasogea, watanyamaza, watamwita mbwa. Najua.

Simu inatetemeka. Quaranta.

Nikiwaacha, Jumatatu ni pazia. Kidevu juu, usicheke. Najiona. Nalia na mimi, mjinga mimi, na kuku kapanda juu ya mkoba.

Wamenyamaza. Wamenikumbuka.

"Binti!" Incoronata ananiita kwa mdomo wake mwenyewe. "Hapa tuko sawa, au tusogee?"

Jua limebaki kama ukucha.

Nimejibu, "Hapohapo." Halafu nikasikia koo langu linaendelea lenyewe, "Kidevu juu! Na wewe mzee, ukitaka kucheka, cheka."

Hajacheka bado. Anangoja mkewe amfunge kifungo cha juu cha shati, na mikono ya mkewe inatetemeka, kifungo hakiingii, na hakuna anayemharakisha. Simu imeanza tena—