Ukurasa wa Mzee Mchopa

Jumapili, Tabata

Ningemwambia tu palepale. Mdomo ulikuwa na kazi gani?

Leo chama chetu cha kuzikana kimegawa kijitabu cha historia yake, nilichokiandika mie katibu. Nimeandika kwamba mwanzilishi ni marehemu baba. Uongo. Aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya watu ni Mzee Mchopa, seremala, baada ya maiti ya mpangaji asiye na ndugu kulala siku mbili bila wa kuichimbia kaburi. Hata jeneza la kwanza alilitengeneza yeye. Baba alikuja baadaye, akapewa uenyekiti.

Nilijua hakuna atakayebisha. Wakongwe wote tumeshawazika.

Jioni nikampelekea mjane wa Mzee Mchopa, Bi Somoe, nakala. Macho yake hayaoni tena maandishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee walipomtaja mzee wangu."

Nikafungua popote, nikamsomea sentensi ambayo haipo. Tena kwa sauti nzuri.

Akajifuta machozi kwa kanga. "Nikunjie hapohapo. Mjukuu wangu akija Ijumaa anisomee tena."

Nikakunja. Ndipo nikaona ni ukurasa wenye picha ya baba.