Niliigawa PIN Yangu Kama Peremende

Alhamisi, Julai, saa nane mchana. Baridi ya hapa Tassia leo inaingia hadi kwenye mifupa, na manyunyu hayajakoma tangu asubuhi. Nguo za watoto nimezianika ndani, juu ya viti. Nguo zenyewe ni chache.

Watoto ni wawili.

Wiki iliyopita saa kama hii nilikuwa na watoto kumi na wanne wamelala kwenye magodoro, miguu imepishana, nami nikipita katikati yao kwa ncha za vidole nisije nikakanyaga mkono wa mtu. Leo nimebaki na Tifa na Mikah, kila mmoja na godoro lake kama wageni wa hoteli. Mama Tifa hajasema ananiamini. Amesema hana pengine pa kumpeleka. Mama Mikah humleta mapema kabla ya wenzake, na simu yake ni ile ya tochi isiyoingia mtandaoni, kwa hivyo nadhani hata hajasikia. Jioni akija nitamwambia mwenyewe.

Sijui nianzie wapi. Wacha nianze na upumbavu wangu, maana huo naujua vizuri.

Kama hujawahi kulea watoto wa watu katika mitaa hii, hujui kwamba mama hakuachii mtoto hivi hivi tu. Anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kiwandani, hana dada wa kazi, hana shosho wa karibu wa kumwachia mjukuu, lakini kabla hajakupa mtoto anataka kopi ya kitambulisho chako. Wanasema ilianza baada ya yaya fulani kutoroka na mtoto. Kama ni kweli sijui, lakini desturi ilibaki. Ukimwambia huna kopi, anambeba mtoto wake na kwenda zake.

Basi mimi, nikijiona mjanja, nikaenda saiba, kwa wale wa kompyuta, nikatengenezewa karatasi moja safi: juu kitambulisho, chini yake cheti changu cha PIN ya ushuru, halafu sahihi na nambari ya simu. Nilitaka kina mama waone kwamba hapa hatubahatishi, hapa ni biashara. Daycare za jirani zilikuwa zinatoa kitambulisho peke yake. Mimi nilikuwa na PIN! Mama akiuona ule muhuri wa serikali uso unalegea, mkoba wa nepi na chupa ya uji unashuka begani, mtoto anaingia.

Miaka sita nimefanya hivyo. Mwanzoni nilikuwa natia sahihi na tarehe mama akiwa mbele yangu. Baadaye nikachoka, nikawa nasaini ishirini kwa mpigo Jumapili baada ya kanisa, bila tarehe, naziweka kwenye droo pamoja na sindano na vifungo. Wamama walihama, wengine Kayole, wengine Mbotela, wengine wakarudi nyumbani Busia. Sikuwahi kumwambia hata mmoja anirudishie karatasi yangu.

Rispa aliniambia. Mungu wangu, Rispa aliniambia.

Rispa ni mdogo wangu, karani katika ofisi ya mhasibu huko mjini. Mwaka jana alikuja kunitembelea, akaziona zile karatasi kwenye droo, akashika kichwa. "Dada, hii ni PIN yako wewe, si ya daycare. Ndiyo unafungulia akaunti benki, ndiyo utanunulia shamba siku ukipata. Unawapa watu hivi hivi kweli?"

Akanieleza polepole kama anayenilisha uji. Nikisajili jina la biashara peke yangu, serikali bado inaniona ni mimi yule yule, PIN ile ile. Lakini tukisajili ubia, mimi na yeye, au kampuni ndogo, biashara inapewa PIN yake yenyewe. Hiyo ndiyo naandika kwenye risiti, hiyo ndiyo nampa mama aondoke nayo. Kitambulisho changu namwonyesha akisome mpaka aridhike, kisha kinarudi mkobani mwangu.

Nilicheka. Ee, nilicheka! Nikamwambia, "Rispa, mimi nalea watoto sebuleni, wewe unataka niwe kampuni. Hao watu wa ushuru wakijua niko hapa si watataka kutoza hata nepi?"

Akasema ushuru unafuata mapato, haungoji biashara iwe na namba. Akasema hata hivi nilivyo nilipaswa kujaza ritani, ile taarifa ya mapato, kila mwaka, na alijua sijawahi. Nikamwambia anywe chai inapoa.

Sasa angalia akili hiyo. Nilikuwa najificha kwa watu wa ushuru, huku PIN yangu nimeigawia mtaa mzima.

Jumatatu wiki hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kina mama wakiwa wamejaa mlangoni na watoto wao, wakaja polisi wawili. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Niliijua kabla hajaikunjua. Nambari ya simu ilikuwa imefutwa kwa ule wino mweupe na nyingine kuandikwa juu yake, lakini mengine yote yalikuwa yangu. Anwani iko kwenye cheti cha PIN, na hapa Tassia ukiuliza daycare kwa Mama Sheila, yaani mimi, unaletwa mpaka mlangoni.

Walichosema ni hiki. Huko Kayole mwanamke mmoja alifungua daycare katika chumba kimoja. Ijumaa mtoto wa mwaka mmoja na nusu akamwagikiwa na uji wa moto kifuani. Mwanamke akamsukumia jirani yule mtoto, akafunga mlango, akatoweka. Mama wa mtoto alibaki na kitu kimoja tu cha kumtafutia, karatasi aliyopewa siku ya kwanza. Karatasi yangu! Picha ya kitambulisho ikishakuwa kopi ya kopi inabaki doa jeusi lenye masikio. Anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa yeyote.

Nilisimama pale na Mikah mgongoni. Kina mama walisikia yote. Mmoja mmoja wakawashika watoto wao mkono wakaondoka, na mmoja, ambaye nimemlelea watoto wawili tangu wachanga, aliingia ndani akachukua hata blanketi aliloniachia. Hakunitazama.

Jumanne jioni, watoto wakishachukuliwa, nikaitwa kituoni ili mama wa yule mtoto anione. Alikuja na leso mabegani, macho yamevimba. Alinitazama, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo kama mtu aliye chini ya maji. "Si huyu," akasema. "Yule ni mfupi, na ana mwanya."

Nilidhani yameisha. Lakini alikuwa bado amesimama. "Karatasi ni yako?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, ni yangu. "Mimi yule mwanamke sikumjua," akasema. "Niliamini karatasi."

Nililia mbele ya watu wote. Mtoto yuko hai, yuko wodini, lakini kifua chake chote ni kidonda.

Polisi waliandika maelezo yangu, wakasema watanipigia simu. Kwao mimi sina kesi. Hapa mtaani kesi yangu imeshaamuliwa. Picha ya karatasi imezunguka katika kila grupu la kina mama, na juu yake mtu ameandika kwamba huyu anachoma watoto. Niliandika kujieleza, nikasema mama mwenyewe amekana kuwa ni mimi. Watu arobaini walisoma. Mmoja akaweka kidole gumba. Hakuna mtoto aliyerudi.

Nimefungua daftari langu la majina tangu mwaka wa kwanza. Natafuta mfupi mwenye mwanya. Wako wanne. Wanne! Mmoja wao alinifulia nguo wiki nzima nilipougua malaria. Kama ningeandika tarehe kwenye zile karatasi, leo ningejua ni ya nani na ningewaacha wale watatu wapumzike. Sasa wote wanne nawaona wezi, na najichukia kwa hilo.

Lakini kinachoniua si jina langu. Ni kwamba, kama yule mwanamke hangekuwa na karatasi yangu, yule mama angefanya wanavyofanya wote: angembeba mtoto wake na kwenda zake. Ni sahihi yangu iliyomweka yule mtoto katika kile chumba. Naomba mtu anionyeshe mahali nimekosea kufikiri hivyo, kwa maana mimi nimetafuta sijapaona.

Wenzangu mnaolea watoto majumbani, kama kuna anayesoma hapa: nendeni mkatafute PIN ya biashara. Mimi niliona ni mambo ya watu wenye maduka makubwa na ofisi za vioo. Sivyo. Tafuta mtu mmoja unayemwamini mshirikiane, msajili ubia, biashara iwe na karatasi zake na wewe ubaki na zako. Karatasi ya biashara ikiibwa, unafunga biashara unaanza nyingine. Mimi nitajifunga vipi?

Leo saa nne asubuhi, mlango ukabishwa. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mpangaji mgeni katika plot ya nyuma, ana mtoto wa miezi mitano. Hajaingizwa kwenye grupu lolote bado. Jamani moyo wangu! Nilimwandalia chai kama mkwe. Akayapenda magodoro, akapenda kwamba meko nimeyazungushia chuma watoto wasifike. Mtoto akanishika kidole akakataa kukiachia.

"Basi Mama Sheila," akasema, "nipe kopi ya ID nikaweke."

Nikatoa kitambulisho chenyewe nikamwekea mkononi. Nikamwambia asome, anitazame uso, alinganishe. Akasoma. Akarudisha. "Ni sawa, lakini naomba kopi."

Zilikuwa zimebaki tisa kwenye droo, zimesainiwa. Naandika ukweli: nilisimama, mkono ukaenda mpaka kwenye droo, nikaifungua. Nikaziona pale na vifungo vyangu. Nikaifunga.

Nikamwambia kopi sitoi tena, biashara inasajiliwa, nitampa cheti chake na PIN yake siku si nyingi. Akasema anaanza kazi Jumatatu. Nikasema naelewa. Akanitazama vile mtu anavyotazamwa akiwa na jambo analolificha, na kweli nilikuwa nalo. Akamfunga mtoto vizuri kwenye leso, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Ningekuwa yeye, hata mimi ningeondoka.

Nilizichana zote tisa. Nikazichana tena vipande vidogo vidogo, nikavilowesha kwenye ndoo ya nepi. Halafu nikampigia Rispa. Nilitaka aniambie "nilikuambia", nilitaka anipigie kelele kidogo. Alisema tu kwamba kesho ameomba ruhusa ya asubuhi, nije mjini na kitambulisho, tujaze fomu pamoja, tusaini sisi wawili, na cheti cha ubia kikitoka tuombee PIN siku hiyo hiyo. Akasema pia tutajaza ritani zangu zote za nyuma, hata kama kuna faini. Nikasema sawa. Sasa hivi nasema sawa kwa kila kitu.

Ikabaki Tifa na Mikah. Kesho wanakuja, nami siwezi kuwaambia mama zao wawili waliobaki kwamba nimefunga. Nikavuka korido nikabisha kwa Mama Brayo. Mlango wake umetazamana na wangu kwa miaka minne. Yeye peke yake katika ghorofa hii ndiye ambaye tangu Jumatatu hajageuza uso akiniona, na jana alinipikia ugali na sukuma bila kuniuliza kama nimekula. Nikamwomba anikalie na watoto asubuhi moja tu.

"Walete," akasema, hata sijamaliza. "Saa ngapi?"

Nilipaswa kusema saa mbili. Lakini neno lililokuwa limenijia kwenye ulimi lilikuwa kumwomba kopi ya kitambulisho chake, kama wanavyoniomba kina mama.

Nikamwambia asante, nitaona. Kesho naenda mjini na watoto wote wawili, Mikah mgongoni, Tifa nimemshika mkono.