Leo Amenigombeza

Jumanne, wodini

Nimechoka, mgongo hauinamiki tena. Tangu kiharusi kimwangushe mume wangu Desideri shambani kwetu Mwimbi, hakuwa ametamka neno, nami namlisha kama mtoto. Leo nesi amenipokonya kijiko.

“Mama, mwache ajilishe. Ukimlisha kila siku, huo mkono wa kulia utalala moja kwa moja.”

Nilikasirika. Si yeye anayefua mashuka.

Desideri alijaribu, uji wa ulezi ukamwagikia kifuani. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akausukuma kwa mkono wake mzima, akasema kwa Kifipa, ulimi mzito: “Niache.”

Nesi akaniuliza amesema nini. Nilikuwa nalia.

Nyumbani, kabla hajaugua, neno hilo lilikuwa linaniudhi sana. Leo nilitamani alirudie. Hajalirudia bado.